Chui ya Kizazi cha Tatu

Haya niliambiwa na Hidaya mwenyewe, mjukuu wa marehemu dada yangu, siku tulipokuwa tunamenya karanga za mbegu hapa kwangu, mvua za mwezi wa tisa zikiwa bado kuanza. Yale ya upande wa bwana yake nilimuuliza Djamali aliponiletea chumvi, naye hakunificha. Basi nayaandika pande zote mbili, polepole, maana mkono wangu hauna haraka.

Kwanza ujue watu. Hidaya ni binti wa Amuri, mfanyabiashara wa zamani wa hapa Kasongo. Amuri alimpa jina la mama yake, ndiyo sababu mpaka leo anamwita Mama. Hidaya aliolewa na Djamali, kijana wa vitenge na sabuni, anayepanda mpaka mji wa Salamabila na mzigo na kurudi. Walikuwa na miaka sita ya ndoa na mtoto hajapatikana. Djamali hakusema neno. Hidaya naye hakusema neno. Lakini wanawake wa kisimani walisema kwa niaba yao. "Labda ni kizazi yake," walinong'ona, kisha wakainamisha vichwa kama wako matangani.

Sasa moto. Si moto wa jikoni, ni pikipiki, ndivyo tunavyoiita huku. Iko aina moja ya Japani iliyotengenezewa watu wa kushindana mbio mchangani: miguu mirefu, tumbo jembamba, kiti juu kama mtu anapanda ukuta. Sisi tuliiita Chui kwa sababu ya mkoromo wake ikipanda kilima. Amuri alipata Chui ya kwanza Hidaya akiwa mdogo. Alimpakia mbele, juu ya tanki, wakaenda mpaka Wamaza, na mtoto alirudi nywele nyekundu kwa vumbi, meno nje. Chui ile inawashwa kwa teke. Inakunywa mafuta yaliyochanganywa na oili, inatoa moshi wa buluu. Ikigoma, Amuri anailaza ubavu, anaipiga kofi kidogo, anangoja. Hajawahi kuitukana.

Djamali yeye ana Chui ya pili, ile iliyofuata. Haina moshi, breki ya mbele inashika, lakini matope yakiingia inalia kama mbuzi. Siku ya harusi alimchukua Hidaya juu yake kutoka kwa baba yake. Njia ni fupi, unaweza kurusha ndimu ikafika, lakini Djamali alizunguka mji mzima na bibi harusi nyuma yake. Kwa hiyo Hidaya anaipenda. Anaiosha kwa mkono wake, mpaka ndani ya rimu.

Kisha Djamali akaona nyingine Salamabila, kwa mfanyabiashara Gaston. Chui mpya. Hiyo unabonyeza tu, inaamka. Akaitamani. Akaogopa kumwambia Hidaya, maana alijua atasema, "Na hii yangu unaipeleka wapi?" Akaenda kuomba shauri kwa baba mkwe.

Djamali alimkuta Amuri kwenye baraza, anafuta Chui yake ya kwanza. Mkwe kwetu hamkodolei mkwe macho. Djamali akakaa upande, akaongea akitazama gurudumu. Hapo lazima niseme jambo moja juu ya Amuri. Ana ugonjwa wa lugha. Kifaransa kikiingia ndani ya Kiswahili, anakitoa kama jiwe ndani ya mchele.

"Baba, iko Chui ya jenerasyo ya tatu ku Salamabila."

"Ya nini?"

"Jenerasyo."

"Umemeza mfupa? Sema kizazi. Hapa ni Kasongo, mwanangu. Mababu zetu walisema Kiswahili wakati wengine bado wanaonyeshana kwa vidole."

"Kizazi, Baba."

"Haya. Endelea."

Wakati huohuo Hidaya aliingia kwa mlango wa nyuma, na beseni la mikate ya mchele kwa ajili ya baba yake. Akasikia sauti ya bwana yake. Akasimama nyuma ya pazia, apate kusikia kama wanaume wanaongea mambo ya kukatizwa ao hapana. Hili ndilo alilosikia.

"Ile niko nayo, Baba, siwezi kuisema vibaya. Imenivumilia, tumepita nayo mu matope. Lakini shida ni kizazi."

"Ni kizazi, kweli," Amuri akasema.

"Haibebi tena. Naiangalia na huruma, lakini haibebi."

"Na hiyo ya Salamabila, umeijaribu?"

"Kidogo tu, Baba. Asubuhi moja."

Amuri akacheka. "Asubuhi moja inatosha! Basi ilete. Lakini hii ya zamani usiitupe. Kama unaweza kulisha mbili, weka mbili. Mpya ya safari, hii ya mji. Kila moja na haki yake."

"Italala wapi?"

"Si kuna kile chumba cha mchele?"

"Na Hidaya, nani atamwambia?"

"Mwambie ikishafika. Mwanamke akikuta kitu kiko tayari mlangoni, atalia kidogo, atazoea."

Mtu wa pwani akisoma hapa atauliza: huyu hakusikia kwamba wanasema "imenivumilia", si "amenivumilia"? Asituulize hayo. Kwetu mtu iko na kitu iko. Nyumba ni ya kwanza na muke ni ya kwanza. Amuri peke yake ndiye anayechagua herufi ya mtu na ya kitu, na siku ile masikio ya Hidaya hayakuwa na nafasi ya kuchagua pamoja naye. Aliweka beseni chini, akarudi kwake bila viatu. Alivisahau.

Kesho yake Djamali akapanda Salamabila. Alimuaga vizuri, hata alitania, "Nikirudi utanishangaa." Hidaya akajibu, "Sawa, bwana yangu." Pikipiki ilipopotea kwenye kona, akakaa chini.

Nilimuuliza, mimi anayeniita Koko kama tunavyowaita wazee wetu huku, "Ulilia?"

"Koko, nililia juu ya Baba zaidi. Bwana ni mtu wa nje, anaweza kuchoka. Lakini Baba alicheka."

Akakunja nguo zake aende Kabambare kwa shangazi. Akazifungua. Akazikunja tena. Halafu akaona kwamba akiondoka, huyo atakayekuja atakuta nyumba ya vumbi, atasema, ndiyo maana alimwacha. Jambo hilo lilimuuma kuliko uke wenza. Na nyuma ya hilo liko lingine ambalo hakunitajia, lakini mimi si mtoto. Alikuwa anampenda.

Basi akaingia chumba cha mchele. Akatoa magunia, akafukuza panya, akapaka sakafu udongo mwekundu mpaka ukang'aa. Akatandika godoro la wageni. Akafunga neti. Dirishani akatundika kitenge cha harusi yake, cha maua ya zambarau, ambacho hakuwa amekikata bado. Alikuwa anakiwekea siku ya mtoto. Mwisho akachoma ubani. Jirani akapita akauliza, "Hidaya, unangoja nani?" Akajibu, "Mgeni."

Djamali alirudi saa za mchana, mbingu imejaa mawingu meusi. Alikuja juu ya Chui yake ileile, matope mpaka shingoni. Hidaya hakungoja hata anawe.

"Iko wapi?"

Djamali akashtuka. "Nani amekuambia?"

"Nilisikia. Iko wapi?"

"Iko nyuma. Inakuja na Gaston. Njia ya Wamaza imeharibika, labda watafika kesho." Akamtazama kwa woga. "Haukukasirika?"

"Inakuja na mwanaume?"

"Gaston anaijua vizuri. Amekaa nayo mwaka muzima."

Hidaya akakaa juu ya kinu kilicholala pale. "Gaston amekaa nayo?"

"Eeh. Sasa ameichoka. Anasema iko juu sana kwake. Wewe unajua Gaston, miguu mifupi. Kila wakisimama, wanaanguka wote wawili."

"Na wewe unaileta kwangu."

"Kwangu itasimama, mimi ni mrefu."

Hidaya akavuta pumzi. "Djamali. Niambie tu neno moja. Ni ya kabila gani?"

"Kabila?" Djamali akacheka, akanyoosha kidole kwenye pikipiki. "Si ni ya Japani, sawa na dada yake huyu!"

Hidaya akafuata kile kidole. Akaona taa, akaona usukani, akaona matope. Akaangalia tena kidole. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, Djamali naye akacheka kwa kumfuata, bila kujua anacheka nini. Lakini kile kicheko hakikwisha vizuri. Kilipinda katikati kikawa kilio.

"Hidaya? Kama hauitaki, naikataa. Nitamwambia Gaston arudi nayo."

"Ingia uone chumba cha mchele."

Akaingia. Alikawia. Mimi aliniambia kwamba kwanza alifurahi: aliona sakafu, akadhani mke wake ameitengenezea pikipiki mahali. Halafu akaona godoro. Halafu neti. Alipotambua kile kitenge dirishani, akakishika pembeni kwa vidole viwili, akakiachia. Akatoka, akachuchumaa mbele ya Hidaya.

"Pikipiki hailali mu neti," akasema taratibu.

"Najua."

"Hiki chumba ni cha nani?"

"Nilisikia 'kizazi'. Nilisikia 'haibebi'. Nilisikia umeijaribu asubuhi moja, na Baba akacheka."

Djamali akaweka mikono kichwani. "Wewe! Niseme vile juu yako? Mbele ya baba yako? Mimi ambaye simuangalii hata usoni?"

"Miaka sita hausemi kitu," Hidaya akasema. "Mutu akinyamaza miaka sita, siku akitoa neno 'kizazi', nifikiri anasema juu ya nini? Juu ya pikipiki?"

Upepo wa mvua ukaanza kupeperusha makapi ya mchele uani.

"Nilinyamaza nisikuumize."

"Uliniumiza vilevile."

"Mama yangu alisema nioe mwingine. Si mara moja."

Hidaya hakuinua macho. "Na ulimjibu nini?"

"Nilimuuliza, nani amekuambia shida iko kwake? Mimi nimepimwa lini?"

"Ulimwambia Mama vile?"

"Nilimwambia. Mpaka leo ananipakulia chakula kidogo."

Hidaya akataka kucheka, akashindwa. "Na juu ya nini haukuniambia mimi?"

"Niliona haya. Nilisema nitakuambia siku moja, njiani, wewe uko nyuma yangu na hauoni uso yangu." Akashika kidole gumba cha mguu wa Hidaya, kama mtoto anayeomba kitu. "Twende hospitali, Hidaya. Wote wawili. Kama ni wewe, ama ni mimi, tujue pamoja. Na kama hawataona kitu, basi tutakaa hivi. Mimi sitafuti mutu mwingine wa kukaa naye."

Hidaya akaacha kidole chake pale kilipokuwa kimeshikwa. "Twende," akasema.

Ndipo Amuri akaingia uani mbio, koti kichwani, maana alisikia mkoromo wa Chui akadhani ni ile mpya. "Haya! Kizazi cha tatu kiko wapi?" alipaza sauti.

Wale wawili wakatazamana, wakaangua kicheko. Mzee akasimama, akajitazama kama kanzu yake imepasuka. Hidaya akamkalisha kitini barazani, akamweleza yote, na chumba akamwonyesha. Amuri hakucheka. Alikaa na kofia yake magotini.

"Mama," akasema, "ulisikia sauti yangu ikisema utalia kidogo utazoea, na ukasadiki nasema juu ya mke mwenza?"

"Ilikuwa sauti yako, Baba. Na ulicheka."

Amuri aliona, nadhani, kwamba hata juu ya pikipiki lile neno halikuwa zuri. "Basi sikusema vizuri," akasema. "Mtu haletewi kitu mlangoni bila kuulizwa, hata kama ni chuma." Akamshika mkono. "Nisamehe, Mama."

"Yameisha, Baba."

Akageukia upande wa mkwe wake, akitazama ukuta. "Djamali! Tangu leo, kwa pikipiki ni je... jene..."

"Jenerasyo, Baba."

"Jenerasyo." Alilitamka kama mtu anameza kwinini. "Kizazi tuwaachie watu. Lakini usinizoeshe. Ni neno hilo moja tu."

Mvua ikashuka. Si mvua ya kutoka nje. Mabati yakapiga kelele mpaka hakuna aliyeweza kusikilizana na mwenzake, na yule mzee, ambaye hasikii mvua bila kusinzia, akalala palepale kitini, mdomo wazi, kofia magotini.

Djamali akaenda kusukuma Chui yake isilowane. Alipofika kwenye mlango wa chumba cha mchele, Hidaya akamzuia kwa mkono.

"Humu hapana. Humu iko na watu."

"Watu gani?"

"Sisi. Nimechoka kupaka hii sakafu, na nilale wapi? Ku magunia?"

Pikipiki ikabaki chini ya upenu. Wakaingia wao. Ubani ulikuwa bado unanukia, na mwanga wa mvua ulipita ndani ya kitenge ukafanya neti yote kuwa ya zambarau. Djamali akamuuliza kama ile mpya atailipia ao ataiacha kwa Gaston. Hidaya akasema, "Kesho tutaipanda wote wawili, ndipo nitakuambia," naye Djamali akaanza kusema jambo lingine juu ya breki, lakini hakulimaliza. Usingizi wa njia ya Salamabila ulimchukua na miguu yake ya matope nje ya neti.

Hidaya akaiangalia ile miguu. Alifikiri kuiosha, akaona atamwamsha. Akaivuta ndani ya neti na matope yake, akasikiliza mvua iliyoanza kupungua, akasikiliza baba yake akikoroma barazani, akageukia ubavu wake wa kulia, na yeye pia akalala.