Ndizi Juu ya Mdanzi

Katika ukoo wetu hapa Nabeul, chombo cha shaba cha kukenekea maji ya maua, yaani kunasa manukato yake kwa mvuke, ni kimoja tu, nacho huzunguka nyumba kwa nyumba kila msimu wa maua. Zamu ikikukuta hujachuma, utangoja mwaka mzima, na keki zako za Idi zitanukia unga mtupu.

Zamu yetu ilikuwa imebakiza siku moja tu. Mdanzi wetu, mti wa machungwa machungu, ulikuwa mweupe kwa maua, wala halijachumwa hata moja, kwa kuwa mume wangu Mukdad alikuwa amewafukuza wachumaji.

"Nina sayansi," aliniambia.

Sayansi hiyo aliiokota kwa mjukuu wetu Yosr, asomaye mimea chuoni. Yosr alikuwa ametueleza mezani kwamba ua halianguki kwa kuchoka. Penye kikonyo chake pana safu ya seli zinazongoja habari. Tunda bivu hutoa hewa fulani. Hewa hiyo ikizifikia, seli hupashana ujumbe na kuyeyusha gundi inayozishikamanisha, nalo ua hujiachia.

Basi Mukdad alinunua ndizi mbivu, akapanda ngazi, akazifunga kwenye kila tawi. Chini alitandika mashuka, akaketi na kahawa yake.

"Umepanda ngazi asubuhi nzima kutundika ndizi," nilimwambia. "Si ungechuma maua?"

"Mke wangu, usizishtue. Seli zinasikiliza."

Wachumaji aliowafukuza walikuwa wamepata kazi kwa jirani, ng'ambo ya ukuta. Kiongozi wao, Shadhliya, alichungulia.

"Mzee Mukdad! Huo mdanzi umeolewa na mgomba?"

"Cheka tu, mwanangu."

"Nacheka, ndiyo! Hizo seli zikimaliza kusikiliza, ziambie nasi tuna njaa!"

Hadi alasiri lilikuwa limeanguka ua moja, nalo liliangushwa na shomoro. Yosr alipofika, alijishika kichwa.

"Babu! Hewa yote imechukuliwa na upepo. Labda ungeyafungia maua kabatini pamoja na ndizi! Tena maua yenyewe machanga, seli zake hazijawa tayari kusikia lolote."

Mukdad alinywea kama shati lililokamuliwa. Chombo kingeletwa alfajiri, na mbele ya ukoo mzima tungekipitisha kitupu. Nikausogelea ukuta.

"Shadhliya! Ndizi zimeiva. Atakayezifikia, zake!"

Waliuruka ukuta kwa ngazi zao, wakipigana vikumbo na kutukanana kwa upendo. Matawi yalitikisika, maua yakanyesha juu ya mashuka. Na yaliyogoma kuanguka yalikwenda na mikono yao, maana mkono uliozoea kuchuma haupiti penye ua bure. Kabla ya magharibi mti ulikuwa mtupu, na Shadhliya alikuwa ameketi kwenye kiti cha Mukdad, akinywa kahawa ya Mukdad.

"Nilisema ujumbe utafika," Mukdad alitamka.

"Umefika, Babu," alijibu Yosr. "Ila haukufika kwa seli."

Alfajiri tulikeneka. Maji yalitoka safi kabisa, ingawa yana harufu ya ndizi kwa mbali, jambo ambalo Mukdad analikana hadi leo.