Michembe ya Dalia

Evarista alilikuta debe uvunguni limelala ubavu, mchanga umemwagika, ndani tupu. Alipapasa uvungu wote, akatoka nje na vumbi hadi kwenye nyusi. Uani, juu ya mkeka, mama mkwe wake alikuwa ameanika vipande vyembamba vyeupe, vingine vimeshaanza kujikunja kwa jua.

"Mayu, hivi ni nini?"

"Michembe," Nyamizi alijibu huku akifukuza kuku. "Una siri wewe, mke wa Mihayo! Njaa yote hii, tunakula unga wa yanga, haya mahindi ya njano ya msaada, mpaka macho yanageuka njano, kumbe mwenzetu umelalia viazi? Vingine nimeshawapikia wanaume. Havina utamu, lakini vinashika tumbo."

Havikuwa viazi. Ilikuwa mizizi ya dalia, na ni kweli mzizi wa dalia ukiutoa ardhini hutautofautisha na kiazi kitamu chembamba. Mama yake Evarista, Leokadia, alikuwa ameyapanda maua hayo mbele ya chumba alichopanga kule Tosamaganga, Iringa, mekundu, makubwa kama visahani. Leokadia alifariki wakati wa Kwaresima. Wapangaji wapya walitaka kupanda maharage pale pale, na Evarista alifika jembe likiwa limeshaanza kazi. Alichoweza kukiokoa alikibeba mapajani ndani ya basi hadi Igawa, kwa mumewe. Akakifukia kwenye mchanga mkavu, kama mama yake alivyofanya kila baridi ilipoingia, akangoja mvua.

Hakumwambia mtu. Wakwe zake ni Wasukuma waliofuata nyasi za Usangu na ng'ombe wao. Mji kwao ni zizi, na uzuri wa uwanja ni kufagiwa ukabaki mweupe. Angemwambia nani kwamba uvunguni anatunza maua?

Sasa alisimama mbele ya mkeka ule na maneno yakamtoka kabla hajayachagua.

"Mwizi! Umeingia chumbani kwangu ukachukua kitu cha marehemu! Hayo ni maua ya mama yangu, wewe mwizi wa uvunguni!"

Mzee Nkuba, baba mkwe, aliyekuwa akisokota kamba ya ndama kivulini, aliinua kichwa taratibu.

"Maua?" aliuliza. "Mimi jana nimekula maua?"

Alishika tumbo. Akaagiza maziwa, akanywa kibuyu kizima, akamlazimisha na Mihayo anywe, kisha wakakaa baba na mwana wakitazamana kama watu waliong'atwa na nyoka mmoja. Jua lilipozama wakiwa wazima, Nkuba alivuta pumzi ndefu, akapata nafasi ya kukasirika.

"Mama wa mji huu haitwi mwizi na mkamwana. Mvua ikija mpaka ikakatika hajaomba radhi, nitampeleka kwao Iringa mwenyewe."

Mihayo, mtu mpole kuliko mafahali wake, alimbembeleza mkewe. "Neno moja tu, Evarista. Linakugharimu nini?"

"Mwambie mama yako alitafute hilo neno. Labda nalo ameanika."

Evarista aliokota vipande ambavyo havijakauka akavifukia nyuma ya nyumba, ingawa alijua ni kazi bure. Leokadia alimfundisha tangu mdogo: dalia huchipua kichwani, pale mizizi inaposhikana na shina. Mzizi uliokatwa kichwa huoza tu. Vichwa vilikuwa wapi? Wa kumuuliza alikuwa mmoja, naye hawakusemeshana tena. Walipishana mlangoni kama wageni wa hotelini. Alipofukua vipande vile akakuta vimegeuka uji mweusi, alinawa mikono, akaenda kuchota maji. Usiku aliwaza sanduku lake: atalifunga kwa kamba au kwa kanga?

Mvua ilichelewa, kisha ikaja kwa fujo. Usangu ikawa kijani kwa ghafla. Majembe ya ng'ombe yalitoka, watu wakacheka tena, mahindi yakapanda hadi magotini, hadi kifuani. Kila wingu lililopita bila kunyesha, Evarista alilitazama kama anayesomewa hukumu.

Asubuhi moja ndama alikata kamba. Evarista alimfuata nyuma ya zizi, kwenye jaa la samadi, majivu na maganda. Ndama alikuwa amesimama mbele ya boma dogo la miiba lililofungwa barabara, akinyoosha ulimi usifike. Ndani ya miiba, juu ya samadi nyeusi, lilikuwa limefunguka ua jekundu, kubwa kama kisahani. Pembeni yake matumba matatu yalikuwa yanajiandaa kupasuka.

Nyamizi alikuwa amechuchumaa akiliegemeza shina kwenye kijiti.

"Vile vichwa vilikuwa vigumu kama kuni," alisema bila kugeuka. "Nilivikata nikavitupa hapa. Mvua ya kwanza tu, vikatoa macho. Huyo ndama alikula kimoja, nikamchapa mpaka baba Mihayo akadhani nimerukwa na akili."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unanisemesha?"

Evarista alikaa pale pale kwenye samadi, kanga na vyote, na kitu alichokibana kifuani tangu Kwaresima kikaachia. Alilia, kisha akajikuta anacheka, kwa sababu siafu mmoja alikuwa akitembea ukingoni mwa ua kwa kiburi, kama mwenye shamba. Mama yake angemtoa siafu huyo kwa ncha ya ukucha. Evarista akamtoa kwa ncha ya ukucha.

"Ahsante, mayu."

Kelele ziliwaleta wanaume. Nkuba aliliangalia ua, akarudi nyuma hatua moja, mkono tumboni.

"Ndiyo haya niliyokula?" Alikohoa. "Haya, ahsante nimeisikia. Na radhi je? Mvua inaelekea ukingoni."

"Baba, nitashukuru mpaka nizeeke," alisema Evarista. "Ila kitu kilichukuliwa bila kuulizwa, na neno langu siwezi kulirudisha kinywani."

Mihayo alifumba macho.

"Mwacheni," alisema Nyamizi. "Uvunguni mwa mtu niliingia kweli, na sikuuliza. Huyu haendi Iringa. Nani atanionyesha namna ya kuvifukia baridi ikija?"

Nkuba alitupa mikono juu. "Basi omba radhi wewe, mama Mihayo, mmoja wenu aombe yaishe!"

Nyamizi aliinuka, akakung'uta majivu magotini.

"Mimi? Siombi. Vingekuwa vitamu, ningekula na vichwa."