Ombi Lisilo na Jina

Babu Yasuzo alipigwa na kiharusi akiwa bado amevaa buti za theluji, na tangu asubuhi ile Bibi Tokie hakuwahi kulala nje ya nyumba yake. Alimlisha kwa kijiko, akamgeuza ubavu huu na ule, akambadilisha nguo za ndani mchana na usiku. Ikapita miaka minne. Mimi nilikuwa Osaka, chuoni, nikisomea ustawi wa jamii, na kila nilipoandika kuhusu haki za wazee nilikuwa nikimwona yeye, mgongo umepinda, beseni mkononi.

Kwa hiyo nilipohitimu na kupata kazi, jambo la kwanza nililoazimia ni kumpa Bibi siku moja ya kutembea kama watu wengine. Nilitafuta kituo cha wazee karibu na kwao, huko Fukui, kinachopokea wagonjwa kwa siku chache. Baba yangu, Shigeo, alinionya kwamba mama yake hatakubali kamwe. Lakini nilipompigia simu, Bibi akasema atakuja, mradi twende Nara, mji wa mahekalu ya kale, na mradi alasiri achague yeye pa kwenda. Nilifurahi hata nikamsimulia kila mtu ofisini.

Asubuhi hiyo kulikuwa na baridi na miti yote ilikuwa imegeuka nyekundu. Bibi alivaa koti la zambarau ambalo sikuwahi kuliona, linanuka dawa ya nondo. Tulianza na hekalu kubwa la Todaiji. Kulungu mmoja alimfuata tangu getini, akamwinamia kichwa, na Bibi naye akamwinamia kwa heshima kama anavyosalimiana na majirani. Mnyama akatumia nafasi hiyo kuutafuna mkanda wa begi lake. Ndani, nyuma ya sanamu kubwa ya Budha, watoto wa shule walipanga foleni kupenya kwenye tundu la nguzo, lile ambalo ukipita unapata baraka. Bibi alilitazama, akasema Babu yako angekwama hapa, tungeita zimamoto. Tulicheka mpaka mwalimu wao akatugeukia.

Hata hivyo, akicheka vilevile, alikuwa akitazama saa. Alisema sasa hivi wanamgeuza upande wa ukutani. Baadaye, mbele ya duka la chai, akasema sasa wanampa maji, wasije wakampa ya baridi. Nilimwambia wauguzi wanaijua kazi yao.

"Kazi wanaijua," akasema. "Yeye hawamjui."

Mchana tulikula wali na samaki uliofungwa kwenye majani, na hapo nikamuuliza ni wapi anapotaka kwenda. Akataja hekalu dogo nje ya mji, mwendo mfupi kwa treni. Niliacha kutafuna. Kwetu hakuna asiyejua mahekalu ya namna hiyo. Wazee huenda huko kuomba wafe ghafla, usingizini au bustanini, bila kulala kitandani miaka na miaka wakiwasumbua watoto wao. Hubeba nguo za ndani mpya, mtawa akazisomea sala, na anayezivaa, wanasema, hatafika siku ya kubadilishwa nguo na mikono ya mtu mwingine.

Nilizungumza kwa muda mrefu. Nilimwambia ni mzima, macho yake yanaona, bado anapanda ngazi. Nilimwambia kutunzwa si aibu, ni haki, na kwamba nchi inayowafanya wazee waombe kufa upesi inapaswa kuona haya. Nadhani sentensi kadhaa zilitoka moja kwa moja kwenye tasnifu yangu. Bibi alikuwa akiokota punje za wali zilizoganda kwenye jani, moja moja.

"Umesema vizuri," akasema. "Haya, kula samaki wako."

Niliamua kwamba kama maneno yameshindwa, dunia yenyewe itamshawishi. Nikamwingiza kwenye mtaa mrefu wa maduka, ule ulioezekwa juu, na kumwonyesha kila kitu: skafu za hariri, vikombe, brashi za kuandikia, achari za figili, soksi zenye picha za kulungu. Aligusa kila nilichomwonyesha na kukisifia, kisha akakirudisha mahali pake vizuri zaidi kuliko kilivyokuwa. Vijana wawili walikuwa wanatwanga mochi, wali wa kunata, kwenye kinu, wanapigiana kelele za kuhimizana, na watu wamewazunguka. Nikanunua donge moja la moto, nikamtia mkononi. Alikula nusu, akatoa karatasi laini mfukoni, akaanza kuifunga nusu nyingine. Halafu akakumbuka. Mtu asiyeweza kumeza hata uji mzito hapewi mochi. Alisimama pale na kile kifurushi kiganjani, kisha akakifungua na kula haraka, bila kunitazama.

Duka la nguo za ndani lilikuwa mwishoni mwa mtaa. Muuzaji, mama mnene mwenye miwani shingoni, alimkaribisha Bibi kama ndugu aliyepotea na kumuuliza kama ni za kupeleka hekaluni. Bibi akasema ndiyo. Yule mama akaanza kushusha za kike, nyeupe. Bibi akatikisa kichwa.

"Za kiume, mama. Ukubwa wa juu."

"Kumbe mzee. Ana kiuno cha mpiga mieleka, au?"

"Alikuwa nacho. Siku hizi ana kiuno cha kuku. Ila hajui bado, usimwambie."

Muuzaji akacheka, akamuuliza mbona basi asichukue ndogo. Bibi akajibu kwamba mtu huombewa kwa mwili wake, si kwa ugonjwa wake. Mimi nilikuwa nimeshika skafu ambayo sikuwa nainunua. Muda wote ule nilikuwa nabishana na ombi ambalo si lake. Hakuja kujiombea yeye. Alikuja kumwombea Babu afe.

Hapo hapo simu yangu ililia. Ilikuwa kutoka kituo cha wazee. Muuguzi, kwa sauti ya upole, alisema tusiwe na wasiwasi, ila Babu hajakubali kufungua mdomo tangu asubuhi. Wamejaribu wauguzi watatu. Nilipomweleza Bibi, hakushtuka. Alichukua mfuko wake kwa muuzaji, akashukuru kwa kuinama, akatoka.

Kwenye treni alinisimulia, akitazama nje. Miaka mingi nyuma, Babu akiwa bado anaendesha gari la kusukuma theluji, wanawake wa mtaa wao walikodi basi kwenda kwenye hekalu hilo hilo. Wote walikuwa wazima. Ndivyo inavyotakiwa, mtu aende angali mzima. Bibi alimwomba Babu ruhusa ya kubeba na nguo zake yeye Babu. Babu alicheka sana. Alisema nendeni ninyi mkaombe kufa, mimi nina barabara ya kusafisha. Kwa hiyo Bibi alibeba zake tu, zikasomewa, akazivaa.

Nilimwambia yale ni maneno tu, Bibi, sala haichagui nani aanze na nani afuate.

"Labda," akasema. "Lakini za kwangu zilisomewa. Mwaka jana Bi Hagino, tuliyekaa naye kiti kimoja kwenye lile basi, alikutwa asubuhi bustanini na jembe mkononi. Hakuugua hata mafua. Wote wakasema, mwaona, amepata alichoomba. Nikarudi nyumbani nikazivua, nikaziweka chini ya sanduku. Kozue, mimi nikiondoka hivyo, asubuhi moja, nani atamfungua mdomo babu yako?"

Nilitaka kumjibu kwamba nitakuwepo mimi. Nilikuwa naanza kazi saa mbili na nusu asubuhi, Osaka, mwendo wa saa kadhaa kutoka kwao. Tulishuka stesheni ndogo, tukapita kati ya nyumba na mashamba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa, Bibi mbele, mimi nyuma na mfuko.

Hekalu lilikuwa dogo, sakafu yake ya mbao imeng'aa kwa magoti ya watu. Wazee wengine walikuwa wametoka. Mtawa alikuwa kijana, pengine ananizidi miaka mitano, na mafua yalikuwa yamemkaba. Alitukalisha mbele ya sanamu ya Amida, Budha anayepokea wanaokufa, akapokea mfuko kwa mikono miwili, akauliza jina na umri wa mwenye kuombewa. Bibi akataja jina la Babu. Mtawa akauliza kama mwenyewe yuko nje, miguu inamsumbua labda, anaweza kumfuata. Bibi akamweleza yote: kiharusi, kitanda, miaka.

Kijana aliweka kalamu chini. Alisema kwa upole kwamba watu huja wenyewe. Wakati mwingine mtu humletea mwenzake, hilo hutokea, lakini lazima awe ametumwa. Akauliza kama mzee ameomba.

"Hawezi kusema, mwanangu."

"Hata kwa mkono? Kwa macho?"

"Nimemuuliza kwa miaka minne," Bibi akasema. "Nikimuuliza, ananishika kidole. Sijui kama anasema ndiyo au anasema usiniache. Ni kidole kimoja tu, kinashikwa namna moja."

Mtawa akatikisa kichwa. Bibi akasogea mbele kwa magoti. Akasema basi, kama hilo haliwezekani, ana ombi dogo zaidi. Zake zilisomewa hapa hapa, pengine na baba yake huyu kijana. Anaomba zifutwe. Hataki tena kwenda ghafla. Yuko tayari kuugua, kulala, kunuka, chochote, mradi atangulie yule mwingine. Kijana alimtazama Bibi, akaitazama sanamu, akakuna kichwa chake kilichonyolewa kama mwanafunzi aliyeulizwa swali la darasa jingine.

"Bibi, nitakuwa mwongo nikisema naweza," akasema. "Mimi nimefundishwa kusoma. Kufuta sikufundishwa."

Alijitolea kuwasomea wote wawili pamoja, mume na mke. Wengi huomba hivyo. Bibi akatabasamu kidogo, akasema siku moja, saa moja? Hiyo ni kumsumbua Amida, yeye si mpanga ratiba za treni. Kijana akacheka, akapiga chafya, akaomba radhi. Akasema basi anaweza kusoma sala bila kutaja ombi lolote. Lakini jina lazima liwepo, sala inahitaji mlango wa kuingilia. Jina la nani?

Hapo Bibi akanigeukia.

"Wewe ndiye uliyesoma. Sema wewe."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na majina ya nadharia, majina ya sheria, jina la afisa mmoja wa wilaya aliyeniahidi kwamba nafasi ya kudumu kituoni ikipatikana atanijulisha. Yote niliyaamini, na bado nayaamini. Lakini kama ningetaja la Babu, ningekuwa nimemwombea kifo mtu ambaye huenda kila siku anashika kidole akisema usiniache. La Bibi lilikuwa limetajwa zamani, na ndilo lililomleta hapa. Nilitazama mbao za sakafu. Bibi alisubiri muda mrefu sana kabla ya kuacha kunitazama.

Mtawa alisema kwa masikitiko kwamba ni wakati wa kufunga. Aliurudisha mfuko kwa mikono miwili, kama alivyoupokea. Bibi aliinama mpaka paji la uso likagusa sakafu, mara moja kwa Amida na mara moja kwa kijana, akamwambia anywe tangawizi.

Nje jua lilikuwa limeshuka nyuma ya milima. Njiani kuelekea stesheni nikamwambia nitakuwa nakuja Fukui kila mwisho wa wiki. Akasema usiahidi, mjukuu wangu, siku ukiweza njoo tu. Nikamuuliza tufanye nini na zile nguo. Alishangaa swali lenyewe.

"Si atazivaa. Za zamani zimekwisha mpira."

Tulikuwa jukwaani tukisubiri treni kituo cha wazee kilipopiga simu tena. Chakula cha jioni kimefika, muuguzi akasema, na bado hafungui. Bibi aliiomba simu. Akamwambia muuguzi aiweke sikioni kwa mzee, sikio la kulia, na ashike kijiko tayari. Kisha akageukia ukuta, akafunika mdomo kwa kiganja, akaanza kuongea kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, ya msichana karibu.

"Baba Shigeo. Ni mimi. Niko njiani. Fungua."

Treni ikaja na taa zake, milango ikafunguka, watu wakaingia. Nilimgusa begani, akanyoosha mkono bila kugeuka, ishara ya kuniambia nisubiri. Milango ikajifunga, treni ikaondoka bila sisi. Kwenye simu nilisikia muuguzi akisema amefungua, mama, amefungua.

"Tafuna," Bibi akasema. "Polepole. Haya, meza. Sasa kingine."

Nilisimama kando yake na mfuko mkononi. Treni ya pili nayo tuliiacha ipite.