Kiponda Amsalimu Kipa

Katika timu yao ya hoki ya viatu vya magurudumu pale Kibarani, Kiponda alijua kila kitu isipokuwa kusimama. Siku zote ukuta ndio uliomsimamisha. Leo alichomoka na mpira peke yake, mbio, hadi kipa wa wapinzani wao, Kikambala, alipoinua kofia yake iliyomfunika uso apanguse jasho. Lo! Kumbe ni Mzee Pola, baba mkwe wake!

Sasa mtu mwenye akili zake atampigaje mkwewe shuti kabla ya kumwamkia? Kiponda akatupa gongo, akainama, akanyoosha mikono yote miwili.

“Shikamoo, baba!”

Lakini magurudumu hayana adabu. Yakawabwaga wote wawili wavuni.

“Marahaba, mwanangu,” mzee akaitikia kutoka chini yake. “Na mpira, mbona hukuja nao?”