Kijiti cha Mwerezi

Hatsue alipiga magoti ukingoni mwa kidimbwi, akakunja mkono wa sweta mpaka kiwikoni, na bado hakuutia majini. Saa nne asubuhi afisa wa manispaa angefika katika bustani ile ya mtaa wa Hinokuchi, na neno atakaloliandika ndilo litakaloamua: ama kidimbwi kibaki, ama kifukiwe, pajengwe tangi la zege la maji ya mvua. Sharti lilikuwa moja tu. Ikithibitika kwamba salamanda, wale viumbe wadogo wa majini wafananao na mijusi, wanataga humo, kidimbwi hakiguswi.

Majira manne ya kuchipua yalikuwa yamepita bila yai hata moja. Jana Tokuzo, aliyekichimba kidimbwi hicho kwa koleo lake miaka kumi na miwili nyuma, alifika mlangoni kwa Hatsue akitweta: mayai yameonekana! Lakini kanuni ya wanabustani, ambayo Hatsue mwenyewe aliitunga siku alipokabidhiwa daftari la viumbe wa bustani, haikukubali jicho la mtu mmoja. Ua la kwanza, chura wa kwanza, kipepeo wa kwanza. Kila kilichoandikwa kilishuhudiwa na wawili, na wawili hao wakagonga mihuri ya majina yao.

"Hatsue-san, ukizidi kuinama utatotoa wewe," Tokuzo alisema nyuma yake. "Yapo hapo, chini ya mwaloni. Gonga muhuri tukanywe chai."

"Ngoja basi. Macho yangu si yale ya zamani."

"Juzi yalihesabu maua ya urujuani ishirini na saba pale ukutani. Leo ndiyo yamezeeka?"

Hatsue akayaona. Vifuko viwili vya ute mzito, vimepinda mithili ya ndizi, na ndani yake vitone vyeusi vimepangika kwa ustadi ambao ni Mola pekee aujuaye. Vilishikamana na kijiti kilichozama. Moyo ulimruka kwa furaha, kisha ukasita. Kijiti kile kilikuwa na sindano fupi za kijani. Kilikuwa cha mwerezi.

Bustanini mlikuwa na mialoni, miplamu iliyokwisha kupukutisha maua, na mlozi wa jirani uliochungulia juu ya ua. Hatsue alikuwa ameandika kila mmea, hata majani yaotayo katika mfereji wa barabarani, na mwerezi hakuuandika kamwe. Labda upepo, alijiambia. Akatia mkono katika maji ya baridi, akainua ncha ya kijiti taratibu. Ilikuwa imekatwa mshazari, safi, kwa mkasi.

"Tokuzo-san, mwerezi huu umetoka wapi?"

"Upepo," alijibu Tokuzo.

"Upepo una mkasi?"

Tokuzo akachuchumaa karibu naye, sauti ikashuka. "Bonde la pili kule yamejaa tele. Nimechukua jozi moja. Moja tu! Nani kaumia?"

Wote wawili walijua jibu. Salamanda wa kila bonde wana nasaba yao na maradhi yao. Mtazamaji wa viumbe hahamishi hata chura mmoja kutoka maji haya kwenda yale. Ndilo lililokuwa somo la kwanza kwa kila mgeni bustanini, na mwalimu wake alikuwa Tokuzo.

"Mimi siwezi kuliandika hili," Hatsue alisema.

"Daftari lako litaogelea? Litataga? Wakishamwaga zege, utakuja kuandika nini hapa, nyufa?"

Breki za baiskeli zikalia langoni. Nishiwaki, yule afisa, alikuwa amewahi kwa nusu saa. Aliinama kuwaamkia, uso umemchangamka.

"Samahani kwa kuwahi. Nimesikia habari njema, nikashindwa kukaa ofisini." Akachungulia majini. "Ndio wenyewe hawa?"

"Ndio," alisema Hatsue. "Ni salamanda."

Hakuwa amesema uongo. Nishiwaki alikuwa tayari anafungua kalamu, na kama Hatsue angenyamaza wakati huo, ukweli ule mfupi ungezaa uongo mrefu, na kidimbwi kingesalimika. Alimwona Tokuzo amefumba macho. Maji yalikuwa yakimdondoka Hatsue kidoleni.

Akalifungua daftari, akaandika: Mayai, jozi moja. Yameletwa kutoka bonde jingine. Akagonga muhuri wake, akalisogeza daftari kwa Tokuzo.

Nishiwaki alisoma, akasoma tena. "Yameletwa na nani?"

Hatsue hakugeuka.

"Na mimi," Tokuzo alisema, akaukandamiza muhuri wake kwa nguvu mpaka wino ukatokea ukurasa wa pili.

"Basi siwezi kuandika kwamba wanataga hapa."

"Hatukuombi uandike hivyo," Hatsue alisema.

Nishiwaki akafunga kalamu. "Wajenzi wataanza mwezi wa sita," alisema kwa sauti ya chini. Akainama zaidi ya alivyoinama alipokuja, akaondoka akiikokota baiskeli.

Tokuzo alikaa amempa Hatsue kisogo.

"Laiti ungekuwa umekosea," alisema hatimaye, "ningekusamehe leo hii hii."

"Najua."

Tokuzo akakunja suruali, akaingia majini, akakinyanyua kijiti kwa viganja viwili pasipo kukitoa majini.

"Lete ndoo. Bonde lenyewe liko mbali, na maji yakipata moto watakufa njiani. Unasimama nini, Hatsue-san? Kimbia!"

Akakimbia, kwa kadiri magoti yake yalivyomruhusu.