Muhtasari Uliotangulia Kikao

Usiku wa jana niliota helmeti imeniita kikaoni. Barua ya wito ilikuwa fupi: nifike mapema, nivae viatu, nisiwe na maoni.

Mimi ni karani wa vikao katika halmashauri ya mji wetu wa Mtandare, mwaka wa kumi na nane huu. Wito wa kikao haunishtui hata nikiwa usingizini. Nilichukua daftari na kalamu, nikafungua mlango wa stoo ya ofisi, ile tunayowekea mafaili na mafagio. Badala ya mafagio nikakuta barabara ya vumbi, jua la saa tatu asubuhi, na kibao kilichoandikwa: MJI MDOGO WA MTANDARE, 1924. PITA KUSHOTO.

Nikapita kushoto. Kila mtu alikuwa anapita kushoto. Sheria ndogo ya mji ilikuwa imekataza kwenda kulia, na kwa kuwa watu wa Mtandare ni watiifu, walikuwa wanalizunguka soko tu, mchana kutwa, na mizigo yao kichwani.

Mzee mmoja mwenye kikapu aliniambia alitoka nyumbani kwenda kununua chumvi.

"Lini hiyo, mzee wangu?"

"Mwaka ule wa njaa. Nyumba yangu ile pale, upande wa kulia."

Nikamwambia akikata kushoto mara tatu atafika. Akanitazama kwa huruma.

"Hiyo ni kulia kwa kificho, bwana," akasema, akaendelea kuzunguka.

Ukumbi wa baraza sikuuingia. Nilikuwa nimesimama barabarani, na kuta zikaja zikanizunguka, moja baada ya nyingine, kisha bati likajiweka juu. Nikajikuta mlangoni, kikao kinaanza.

Bwana Mkubwa mwenyewe, Mwingereza mtawala wa wilaya, alikuwa porini akiwinda, kwa hiyo aliacha helmeti yake iongoze baraza. Ilikaa juu ya kiti cha mwenyekiti, nyeupe, safi, na ukanda wake wa kidevuni umefungwa vizuri. Niliambiwa hakuna aliyeona tofauti. Upande wake wa kulia, kwa ruhusa maalumu, aliketi Liwali Sefu bin Mgaza, mtu mnene mwenye kilemba na usingizi. Upande wa kushoto aliketi mbwa wa rangi ya majivu, shingoni kibati cha namba kumi na nne. Katibu alikuwa taipureta.

"Akidi imetimia?" helmeti ikauliza.

"Imetimia, Bwana Mwenyekiti," Liwali akajibu. "Wewe, mimi, na Namba Kumi na Nne."

"Na huyo aliyesimama mlangoni?"

"Huyo hana kibati."

Mbwa akanitazama kwa masikitiko ya kiofisi.

Ajenda ya kwanza ilikuwa taa ya barabarani. Helmeti ikaamuru hoja iwekwe mezani. Matarishi wanne wanaingia na nguzo ya taa, wanailaza juu ya meza. Ni ndefu kuliko meza, kwa hiyo kichwa chake kinatokea dirishani.

"Mimi ndiyo taa pekee ya mji huu," nguzo ikasema kutoka nje. "Sijawashwa tangu nisimikwe. Naomba utambi."

"Baraza limeiona hoja," helmeti ikasema, na wote wakaiona. "Baraza limeitafakari." Liwali akakoroma. "Hoja ipelekwe mbele."

Matarishi wakaibeba nguzo, wakaipeleka mbele ya ukumbi na kuiegemeza ukutani. Huko mbele kulikuwa kumejaa. Niliona choo cha soko, nusu ya mtaro, daraja zima na mto wake, vyote vilipelekwa mbele katika vikao vilivyopita na vilikuwa vinasubiri kwa adabu. Nimefanya kazi hii miaka kumi na minane na siku zote nilijiuliza mambo hayo huenda wapi.

Kwa mazoea nikafungua daftari, nikaanza kuandika. Taipureta ikaacha kugonga.

"Unafanya nini?"

"Naandika muhtasari."

"Wa kikao kipi?"

"Hiki."

"Hiki nilikiandika Jumatatu," taipureta ikasema. "Leo ni Ijumaa. Sisi tunaandika muhtasari kwanza, halafu tunakaa kuutekeleza. Inaokoa muda, na hakuna mjumbe anayepotea njiani. Kwani huko kwenu mnaandika lini?"

Ukumbi mzima ulikuwa unanisikiliza, hata daraja. Niliona aibu, lakini ndotoni mtu husema kweli kuliko ofisini.

"Siku mbili kabla," nikasema.

Liwali akaamka. "Siku mbili tu? Na inakamilika?"

"Inakamilika. Tunaacha nafasi ya majina ya waliohudhuria."

"Kumbe mji umeendelea," akasema, akalala tena.

Ajenda zikapita. Mbuzi mmoja alishtakiwa kwa kukosa njia ya kujieleza. Paa la makuti liliapa mbele ya baraza kwamba halitaungua kabla ya Juni. Kisha taipureta ikasoma ajenda ya saba.

"Ombi la Semeni binti Mbwana, mkaanga vitumbua, aliyepewa amri ya kuondoka pembeni mwa ghala ifikapo leo jua kuzama. Anaomba abaki."

Semeni binti Mbwana ni bibi yangu, mama yake baba, aliyemzaa kwa mume wake wa pili. Alinilea. Nilimzika mwaka wa themanini na nane kwa mikono hii, na sijapata kumzoea kuwa hayupo.

Akaingia. Ana kama miaka ishirini, kanga moja kiunoni na nyingine kichwani, na chuma chake cha vitumbua amekibana kwapani. Anasimama mkono kiunoni, vilevile alivyokuwa akisimama kunisubiri nikitoka shule, kama kwamba mimi ndiye niliyechelewesha jua. Vitumbua vyake vilimsomesha baba. Vikanisomesha na mimi, mpaka nikawa karani wa kuandika vikao ambavyo havijakaa. Akifukuzwa leo pale pembeni, hayo yote hayapo.

Taipureta ikaendelea kusoma. "'Mwombaji alilia. Baraza lilimsikitikia sana. Ombi lilikataliwa.'" Ikamgeukia. "Tafadhali, lia."

"Nilie nini?" Semeni akauliza.

"Imeandikwa."

"Mimi sina machozi ya asubuhi, bwana. Nimekuja kusema haja yangu."

"Kusema hakumo," taipureta ikasema. "Ni kulia, kusikitikiwa, kukataliwa. Tuko nyuma ya ratiba."

Helmeti ikaagiza vitunguu. Matarishi wakaleta tisa na kisu. Semeni akachuchumaa, akavimenya na kuvikata vyote, vyembamba, vizuri, akauliza kama wana vingine. Liwali alikuwa analia kama mtoto. Nguzo ya taa ililia. Helmeti ililowa mpaka ndani. Yeye macho makavu.

"Machozi ya wajumbe na mali ya baraza hayahesabiwi," taipureta ikatoa mwongozo. "Kikao hakiwezi kusonga."

Nami nikafurahi. Kisipotembea kikao, nikawaza, hakuna wa kumwondoa. Nilikuwa tayari kusimama pale mlangoni hadi mwaka wa themanini na nane.

Kisha Semeni akanyanyuka, akafuta kisu kwa upindo wa kanga, pande zote mbili, polepole. Hivyo ndivyo alivyokuwa akifuta kisu kila siku ya maisha yangu ya utotoni, na nilikuwa nimesahau. Nikalia. Sikuwa na mpango wa kulia. Yalitoka tu, kwa sauti.

Taipureta ikapiga kengele yake.

"Asiye na kibati akalia kikaoni, huyo ndiye mwombaji. Mwombaji amelia."

"Hapana," nikasema. "Subirini. Mimi si—"

"Tunamsikitikia sana," helmeti ikasema.

"Ombi limekataliwa." Kengele tena.

Nilitamani ardhi inimeze, na kwa kuwa ilikuwa ndoto nilikaa nikiisubiri. Haikunimeza. Bibi yangu alikuwa amenusurika na vitunguu tisa, na mimi mjukuu wake nikaja kumponza.

Semeni aliniangalia, kisha akaiangalia taipureta.

"Aliyelia ni nani?"

"Mwombaji."

"Nani kalia?"

Taipureta ikarudi nyuma mistari miwili. "Huyu hapa, wa mlangoni."

"Basi mmemkataza yeye kukaanga vitumbua. Mimi sijalia, na mimi sijakataliwa."

Mbwa akajikuna sikio. Helmeti ikauliza, kwa sauti ya chini, huyu mwanamke basi ni nini. Taipureta ikapekua kurasa zote, za leo na za kikao cha mwezi ujao.

"Hayumo," ikasema.

"Kitu kisichokuwemo tunakiweka wapi?" Liwali akauliza.

Hapo ndipo miaka kumi na minane ya kazi ilinifaa kwa mara ya kwanza.

"Kwenye Mengineyo," nikasema.

Walitazamana. Ilionekana hakuna aliyewahi kufika huko. "Mengineyo sijapata kuyaandika," taipureta ikakiri. "Hapo huwa ni chakula cha mchana."

Lakini ajenda ni ajenda. Helmeti ikatamka, "Mengineyo," na kuta zikaondoka moja moja, bati likaruka. Sasa tuko sokoni, meza ya baraza iko pembeni mwa ghala, penye kivuli, na watu wanatuzunguka kwa mkono wa kushoto. Semeni ameshawasha moto, chuma kiko juu ya mafiga.

"Hapa hapana maandishi," helmeti ikasema, na nilisikia hofu ndani yake. "Tutajuaje tulichoamua?"

"Mwulizeni anataka nini," nikasema, "halafu msikilize."

Liwali akataka kujua kama kusikiliza kuna fomu. Nikamwambia hakuna. Akauliza kunachukua muda gani. Nikamwambia sijui, sijawahi kuandika kusikiliza kokote.

"Haya, mama," helmeti ikasema. "Unataka nini?"

Semeni alimimina unga vishimoni kabla ya kujibu.

"Nataka hapa. Hapa nilipo. Mume wangu kafa kwa homa mwaka jana, mama yangu haoni, na kazi niliyofunzwa ni hii. Watu wa ghala wanakula kwangu, na hajapata kuumwa tumbo mtu. Mkiniondoa leo, kesho kwetu hatuli. Ndiyo haja yangu, mabwana. Ni fupi, ingekuwa imekwisha tangu asubuhi."

Liwali alikuwa macho kabisa. Nadhani harufu ya iliki ndiyo iliyomwamsha. Kisha Namba Kumi na Nne akainua mguu, wa mbele, nashukuru, na Liwali akainua mkono, na upepo ukaiinua helmeti kidogo kutoka kitini.

"Imepita," taipureta ikasema, na kwa mara ya kwanza ikaandika kitu baada ya kutokea.

Wakamtaka aweke dole gumba. Semeni akainamia karatasi, huku akiniita bila kugeuka.

"Wewe uliyekataliwa. Hivi vitaungua. Geuza."

Nikaunyoosha mkono kuchukua kijiti chake cha kugeuzia. Kijiti kikarudi nyuma.

"Samahani, ndugu," kikasema. "Ombi lako halikupita. Siwezi kushikwa na mtu asiye na kibali."

Vitumbua vilikuwa vinaanza kuwa vyeusi pembeni. Vya kwanza vya kibali chake. Nikavigeuza kwa kidole, kimoja baada ya kingine, vyote saba.

"Mtoto wa nani wewe?" akaniuliza, gumba lake likiwa na wino.

"Baba yangu hajazaliwa bado, bibi."

Alinitazama juu mpaka chini, bila mshangao.

"Basi umewahi," akasema. "Kaa, ule."

Nikaamka. Kumekucha, jogoo wa jirani anamaliza zamu yake. Mke wangu, Tausi, alikuwa ameketi kitandani ameshika mkono wangu wa kulia na kuugeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Umepika lini wewe?" akauliza. Katika ndoa yetu ya miaka ishirini na mbili sijawahi kuchemsha hata maji.

Nikatazama. Ncha ya kidole cha shahada ilikuwa na lengelenge jipya, limejaa maji, jekundu pembezoni.

"Kikaoni," nikamwambia.

Akaniambia nipake asali, akaenda kuamsha watoto. Kikao cha leo ni saa nne. Muhtasari wake nilikuwa nimeukamilisha juzi: ajenda ya tano ni mama wa uji wa pale stendi, anayeondolewa, naye, kwa mujibu wangu, "alilishukuru baraza na kuondoka kwa hiari." Kilichobaki ni kuandika kwa mkono majina ya waliohudhuria na kutia sahihi. Nikaketi mezani, nikachukua kalamu, na nikaiachia hapo hapo kwa maumivu. Lengelenge limekaa palepale kalamu inapokaa.