Mvua ya Kompyuta Saluni kwa Wifi

Wifi yangu anatania kila kitu isipokuwa muda wake. Jioni za masomo yangu ndiye anayenilelea mwanangu, humohumo saluni kwake. Siku moja kabla ya muhula mpya kuanza, nilipompelekea mtoto amsalimie, akaniwekea sharti.

"Nieleze unachosoma mpaka nikielewe. Nisipoelewa, tafuta yaya. Silei mtoto kwa ajili ya kitu nisichokijua."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Yaya simwezi, na bila wifi masomo ndiyo basi.

"Tunasoma modeli za tabianchi," nikaanza. "Kompyuta inaiga jua, bahari na upepo. Maji yanapanda kama mvuke, yanakuwa mawingu, yanarudi mvua. Halafu tunalinganisha mvua hiyo na ile iliyopimwa kweli."

"Vizuri. Kesho inanyesha? Nina taulo za kuanika."

"Haisemi kesho, wifi. Inasema tabia ya mvua kwa miaka mingi."

"Jamani!" Alikuwa akimwosha nywele fundi cherehani wa duka la pili, kichwa kimelala kwenye sinki. "Msikie huyu. Kompyuta yao inajua mpaka wajukuu wetu, kesho tu ndiyo haijui!"

Fundi akacheka hadi povu likamwingia jichoni.

"Na inapatia?" wifi akauliza.

"Jumla ya mwaka mara nyingi haiko mbali sana. Inaharibu kwenye kunyesha kwenyewe. Inanyesha mara nyingi mno, tena kidogo kidogo. Manyunyu leo, manyunyu kesho. Na huwahi, inanyesha adhuhuri mvua ambayo ingekuja jioni."

"Ina haraka ya nini, imeacha chungu jikoni?"

Nikaona maneno matupu hayanifikishi. Nikachukua jagi na chupa ya kupulizia.

"Kompyuta imeigawa dunia miraba, na mraba mmoja unameza mji mzima. Wingu la mvua ni dogo kuliko mraba. Sasa mvua ya kweli ni hii." Nikamimina jagi upande mmoja wa kichwa cha fundi. "Sikio hili limelowa, lile kavu. Kompyuta haioni masikio. Inaona kichwa kimoja tu, kwa hiyo maji yaleyale inayasambaza hivi." Nikampulizia kichwa kizima, na shingo, na kola.

"Mimi nimekuja kuoshwa au kufundishiwa?" fundi akalalamika.

"Tulia, wewe ndiyo dunia," wifi akamwambia, kisha akanigeukia. "Kwa ajili ya kitu kinachokosea hivyo ndiyo unaniachia mtoto?"

Hilo likanigusa.

"Kuna inachopatia, wifi. Hewa ikipata joto inabeba mvuke mwingi zaidi, na mvua kubwa zinazidi kuwa kubwa. Hapo modeli nyingi zinakubaliana. Na miraba ikifanywa midogo, hata hayo manyunyu yanapungua. Huyu," nikamwonyesha mwanangu, aliyekuwa akitafuna kitana sakafuni, "atajenga nyumba yake kwenye mvua hiyo. Nataka nijue itakuwaje."

Wifi akamkamua fundi nywele, akamwinua, akamkalisha chini ya kikaushio.

"Haya. Maji yaliyobaki kwenye nywele hizi yatakaukia humuhumu, sakafuni hayafiki. Na kwenye miti si hivyohivyo? Mvua inashika majani, inakauka, inapanda tena. Hayo nayo kompyuta yenu inayahesabu?"

Nikaiweka chini chupa ya kupulizia.

"Nadhani... kwa kweli sijui, wifi."

"Hajui!" Akapiga makofi, akamgeukia fundi. "Umesikia? Hajui!"

Nikainama kumchukua mtoto, nikiwaza majirani wote ambao ningeweza kuwabishia hodi usiku ule. Wifi akaniwahi. Akamchomoa kitana mdomoni, akampandisha kiunoni.

"Wewe kesho nenda darasani ukamuulize mwalimu. Huyu atakula hapa. Na usinirudie na 'nadhani', mimi nataka jibu."